Mrejesho: ile bei ya kubadilisha injini

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama bei niliyotajiwa gereji kufungiwa injini iliyotumika ni ya haki au napigwa. Karatasi ilikuwa na namba moja tu, bila mchanganuo.

Nilifuata ushauri wenu, nikaomba wanitenganishie: injini peke yake, ufundi peke yake, vifaa vidogo peke yake. Fundi mkuu alinuna kidogo ila akaandika. Kumbe ufundi haukuwa na shida. Ulilingana na gereji nyingine 2 nilizoulizia. Kilichopandisha bei ni injini yenyewe, na bado pampu ya maji, mkanda wa taimingi na sili ya nyuma ya kranki (mpira unaozuia oili kuvuja upande wa gia boksi) havikuwemo! Sili hiyo ukiiacha sasa, ikivuja baadaye unalipia tena kushusha gia boksi.

Nikaomba kompresheni (nguvu ya kila silinda kubana hewa) ipimwe mbele yangu. Wakaizungusha kwa stata. Silinda 3 za kwanza sindano ya kipimo ilipanda vizuri, ya 4 ikaishia nusu. Fundi akamimina oili kidogo kwenye tundu la plagi, akapima tena, sindano ikapanda. Maana yake ringi za pistoni zimeisha, oili ndiyo iliziba upenyo kwa muda. Hapo hakuna aliyebishana.

Wameleta injini nyingine, silinda zote 4 zinakaribiana. Bei imebaki ile ile, ila vile vifaa sasa vimo ndani, na warantii imeandikwa kwenye risiti pamoja na namba ya injini (hiyo namba niliidai mwenyewe). Nimelipa nusu. Kazi inaanza Jumatatu.