Baiskeli ya Raleigh ya gia tatu: gia ya pili haikamati

Wakuu, salaam. Niko Ngamiani, Tanga. Nimepata Raleigh nyeusi ya kizamani, breki za vyuma, kifuniko cha cheni kizima. Habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu chenye gia ndani yake, ni Sturmey-Archer AW, imegongwa 62 9. Gia ya kwanza na ya tatu safi, ila ya pili pedali zinazunguka bure. Fundi anataka aing'oe afunge habu ya kawaida. Roho inakataa kabisa! Nifanyeje?

Mzee wa Chuda:
Mwanangu, usimruhusu. Hiyo ni habu ya Septemba 1962, kazi ya Nottingham, Uingereza, na huenda haina ubovu wowote. Kati ya gia ya pili na ya tatu pana sehemu isiyokamata. Waya wa gia ukilegea, ya pili inaangukia humo. Weka gia ya pili, chungulia tundu la nati ya kulia. Utaona kijiti kilichoungana na kile kicheni chembamba kinachovutwa na waya. Bega lake liwe sawasawa na ncha ya ekseli. Kaza waya taratibu mpaka hapo.

Binti Raskazone:
Na mafuta, kaka! Mepesi, matone machache kwenye kitundu cha habu. Ya kupikia hapana, yanaganda na kunatisha vimeno vya ndani. Rimu zifute kila ukitoka ufukweni, chumvi ya huku haina huruma.

Muulizaji:
Mzee, shikamoo. Bega lilikuwa limezama ndani. Nimekaza, ya pili imekamata! Sasa natafuta kotapini za Raleigh (pini za kubana mikono ya pedali), mwenye nazo hapa mjini anijulishe.