Chumvi moja imeganda, nyingine bado inamiminika: kwa nini?

Mkemia_Moro: Wakuu, naomba msaada. Nimetengeneza kloridi ya 1-butili-3-methilimidazoliamu, yaani chumvi ambayo ioni yake chanya (chembe yenye chaji) ina pete yenye naitrojeni mbili na mkia wa kaboni nne. Imeganda chupani, nyeupe, ngumu kama jiwe, hadi nichovye chupa kwenye maji ya moto ndipo itoke. Nilipoondoa kloridi nikaweka tetrafluoroborati, wiki ya tatu sasa bado inamiminika kama asali. Pete ileile, mkia uleule!

Bi_Fuwele: Kloridi ni ndogo, mdogo wangu, na chaji yake imekusanyika pamoja. Inaing'ang'ania ile haidrojeni iliyo kati ya naitrojeni mbili, hivyo fuwele inashikana hadi karibu nyuzi 70 za Selsiasi. Tetrafluoroborati ni kubwa, chaji imetandazwa kwenye florini nne, mshiko unalegea. Chumvi ya mezani huyeyuka nyuzi 801 kwa sababu ioni zake ni ndogo na duara tupu, zinavutana kwa nguvu, hazina mkia wa kusumbua mpangilio.

Mkemia_Moro: Asante dada. Nikirefusha mkia?

Bi_Fuwele: Mwanzoni nyuzi za kuyeyukia zinashuka. Ukivuka kaboni kumi hivi zinapanda tena, maana mikia inalala sambamba, tabaka kwa tabaka.

Mzee_wa_Maabara: Kuna jambo linalonisisimua hadi leo. Kwenye ile kloridi, weka methili (kaboni moja na haidrojeni zake tatu) mahali pa ile haidrojeni iliyo kati ya naitrojeni mbili. Umekata mshiko, ungetarajia ilegee, sivyo? Nyuzi za kuyeyukia zinapanda hadi karibu 99! Kloridi inabaki na sehemu chache za kukaa, mkia hauzunguki kwa uhuru, na kimiminika kinakosa vurugu yake, hivyo chumvi haioni faida ya kuyeyuka mapema. Nilirudia kipimo mara tatu ndipo nikaamini. Ila kausha kwanza, kijana. Kloridi hizi hunywa unyevu wa hewani, na maji yatakupotosha.