Bendi ya rock ikipoteza mwimbaji: nani alijipanga vizuri, AC/DC, Genesis, New Order au Linkin Park?

BesiNneTu (mleta uzi):
Wakuu, salaam. Tuna kibendi chetu cha rock, watu wanne, mwaka wa 11 huu. Mwezi uliopita mwimbaji kapata mkataba wa kupiga hotelini Doha, kaaga, kaondoka. Hatumlaumu, kwa mshahara ule hata mimi ningepanda ndege. Kasheshe ni kwamba nyimbo zetu zote zilishonwa kwa koo lake.

Nimerudi kwa wakubwa kuona walitokaje. AC/DC walitafuta koo jingine la chuma wakaendelea na kazi ileile. Genesis, Peter Gabriel alipoondoka 1975, walijaribisha waimbaji weee, mwisho kiti kikakaliwa na mpiga dramu wao, Phil Collins. Linkin Park wamemleta mwanamke, Emily Armstrong. Mngekuwa ninyi mngepita wapi?

MzeeWaKanda:
AC/DC, wala sipepesi macho. Bon Scott kafariki Februari 19, 1980, na Julai mwaka huohuo Back in Black iko dukani, Brian Johnson anaimba. Miezi mitano! Na hawakujifanya hakuna msiba: jalada jeusi tii, na mwanzoni unasikia kengele kubwa inagongwa taratibu, halafu gitaa linaingia pole pole kama mtu anayevua viatu mlangoni pa matanga. Kengele yenyewe waliifuata Loughborough, Uingereza, kwa mafundi walioisubu. Marekani peke yake albamu hiyo imepita nakala milioni 25. Tafuteni mtu mwenye mapafu, mengine yatajipa.

KinandaMkononi:
Shikamoo Mzee, ila umejibu swali jingine. AC/DC walibadili mtu, sauti ya bendi ikabaki palepale, maana injini ilikuwa magitaa ya akina Young, Angus na Malcolm, na wote wawili walikuwepo. Ukitaka kuona bendi iliyozaliwa upya, nenda Manchester.

Ian Curtis wa Joy Division alijiua Mei 18, 1980, kesho yake waondoke kwa ziara yao ya kwanza ya Marekani. Walikuwa wameshakubaliana kwamba mmoja akitoka, jina linakufa. Wakalizika, wakajiita New Order. Wote watatu waliobaki wakajaribu kuimba, na hakuna aliyekuwa mwimbaji. Mzigo ukamwangukia mpiga gitaa, Bernard Sumner, ambaye kuimba huku anapiga kulimshinda. Sasa sikilizeni hapo: mtu akiimba gitaa linanyamaza, gitaa likirudi yeye ananyamaza. Ile nafasi iliyoachwa wazi ndimo besi ya Peter Hook ilimotanda, juu kabisa kwenye nyuzi nyembamba, na ndimo Gillian Gilbert alipoingia na vinanda.

Haikuwa mara moja. Albamu ya 1981 bado ina harufu ya ubani. Ila Machi 1983 wakatoa Blue Monday: dakika saba na ushee, mashine ya dramu inatwanga peke yake mwanzoni, na mwimbaji humsikii mpaka dakika ya pili imepita. Na akija hajikazi kufanana na Curtis, anaongea tu kama mtu aliyechoka kuuliza. Udhaifu wake ndio uliogeuka mtindo.

BesiNneTu:
Dah, hiyo ya besi kutanda imenigusa pabaya 😂

DadaRifu:
Mnaipita Linkin Park haraka. Chester Bennington kafariki Julai 2017, wao hawakujitokeza na safu mpya hadi Septemba 5, 2024. Miaka saba. Kwenye wimbo wao wa kwanza wa kurudi, Mike Shinoda anaimba beti ya kwanza na kiitikio peke yake, Emily anaingia beti ya pili. Kwangu huo ni uungwana: mwenye nyumba anafungua mlango kwanza, mgeni anafuata. Na kuchagua mwanamke kumewaokoa na mchezo wa kulinganisha koo kwa koo. Lakini sauti mpya? Hapana, albamu yao From Zero ni Linkin Park ileile.

(Septemba 5 ndiyo siku aliyozaliwa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, Zanzibar, 1946. Basi tu nimewaza.)

MzeeWaKanda:
Umemtaja mtoto wa Mjini Mkongwe, nikuulize: Queen na Adam Lambert unawaweka wapi?

DadaRifu:
Pembeni, Mzee wangu. Jina lenyewe ni Queen + Adam Lambert, alama ya kujumlisha inakwambia kila kitu. Wanajaza viwanja kwa nyimbo za zamani, albamu mpya ya studio hawajatoa pamoja. Ni kumbukumbu nzuri, siyo kuanza upya.

Mpiga_Solo:
Mkuu BesiNneTu, kabla hujachagua njia, jiulize mwimbaji alikuwa ameshika nini. Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali Januari 1979, bendi yake Super Volcano haikurudi ilipokuwa, kwa sababu utunzi, gitaa la solo na sauti vyote vilikuwa kwake. Genesis walipona kwa sababu Banks, Rutherford, Hackett na Collins walikuwa watunzi tayari. Ninyi nani anatunga?

BesiNneTu:
Mimi na mpiga dramu. Mwimbaji alikuwa anaweka maneno tu.

KinandaMkononi:
Basi mbona mnalia? Acheni kutangaza nafasi ya kazi.

BesiNneTu:
Mrejesho wa jana mazoezini. Dramu kaimba. Nyimbo tatu tumezishusha toni mbili, mbili tumezitupa kabisa. Kila akifika kiitikio anasahau mguu, kiki (ile dramu kubwa ya kukanyaga) inapotea. Tukaamua hapo kiki isiwepo, nijaze mimi na besi. Jirani aliyezoea kutugongea ukuta safari hii hakugonga. Nimerekodi kwa simu, nikirudi kazini naweka hapa mkandie.