Mdogo wangu yuko kwenye dawa za sonona, mtihanini hakumbuki kitu. Ni serotonini? Naomba ushauri

Mtu wa Bondeni:
Wakuu, poleni na majukumu. Mdogo wangu wa kike yuko chuo, mwaka wa pili. Daktari alimkuta na sonona, akamwanzishia fluoksetini. Kwa upande wa moyo namshukuru Mungu, sasa anakula, anacheka, simu anapokea. Kasheshe ni mtihani. Usiku namuuliza maswali mimi mwenyewe, anajibu vizuri tu. Akiingia chumba cha mtihani, kichwa cheupe. Juzi kasahau mpaka jina la mhadhiri wake, kaja kulikumbuka yuko kwenye daladala anarudi.

Sasa rafiki yake kamwambia ile dawa inajaza serotonini, kemikali ya ubongo, kichwani, na serotonini ikizidi inafuta kumbukumbu. Mama kasikia, anataka vidonge vitupwe leo leo. Nimeingia mtandaoni kusoma habari za vipokezi vya serotonini, yaani sehemu za seli zinazoipokea, huku wanasema vinasaidia kumbukumbu, huku wanasema vinaharibu. Wajuzi, aache au aendelee?

Pilipili Mwendo:
Mpeni ndizi na karanga. Serotonini ya asili, haina madhara. Hayo madawa achaneni nayo.

Duka la Dawa:
Pilipili, ndizi ina serotonini kweli, ila ukiila haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Kama asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko utumboni na kazi zake ni huko huko. Ubongo unajitengenezea ya kwake kutokana na triptofani, kirutubisho cha kwenye chakula. Ndizi ale akisikia njaa.

Mtoa mada, nijibu kwanza: kuna dawa nyingine yoyote anameza? Hata ya zamani, hata ya usingizi.

Hipokampasi:
Wakati tunasubiri jibu, niguse hapo kwenye vipokezi maana ndiko nilikosomea.

Serotonini yenyewe ni ujumbe tu. Matokeo yanategemea kipokezi gani kimeupokea, na kwa binadamu zinajulikana aina 14 hivi katika familia 7. Kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotumika kuhifadhi kumbukumbu na kuzivuta tena, aina ya 1A imejaa tele. Serotonini ikikishika kipokezi hicho, seli inapoa. Panya wakidungwa dawa inayokichochea sana, majaribio ya kumbukumbu yanawashinda. Aina ya 4 ni kinyume chake, inaiamsha seli. Kuna dawa ya kutibu kufunga choo, prukalopridi, inayochochea hiyo ya 4. Watafiti wa Oxford waliwapa watu wazima wasio wagonjwa, na wakafanya vizuri kuliko wenzao kwenye vipimo vya kumbukumbu.

Aina ya 6 nayo ina kisa chake. Ukiizuia kwa panya, wanakumbuka vizuri zaidi. Kampuni za dawa zikachangamka, ikatengenezwa idalopirdini kwa wagonjwa wa Alzheimer. Majaribio 3 makubwa yaliyochapishwa 2018 yakaonyesha haikuwa na tofauti na kidonge kisicho na dawa. Panya si mtu.

Ndiyo maana umechanganyikiwa, mkuu. Kila makala uliyofungua ilikuwa inasema kipokezi chake. Na serotonini ikipungua nako ni tatizo: watu waliopunguziwa triptofani kwa makusudi kwenye tafiti walikumbuka vibaya maneno waliyojifunza muda mfupi kabla.

Mama Wawili:
Mbona hamuisemi sonona yenyewe? Mimi nimeugua. Ukiniuliza nikusimulie siku moja niliyofurahi, nilikuwa nakujibu "nilikuwa nafurahi tukienda kwa bibi", basi. Siku gani, nani alikuwepo, nilivaa nini, hakuna. Hapo sijaanza dawa yoyote.

Hipokampasi:
Umenena, dada. Hilo limeandikwa na wanasaikolojia tangu miaka ya 1980: mwenye sonona anakumbuka mambo kwa ujumla, tukio moja mahsusi linamponyoka. Ongeza na hofu ya mtihani, homoni ya kotisoli ikipanda inabana uvutaji wa kumbukumbu hata kwa mtu mzima wa afya. Kulikumbuka jina akiwa kwenye daladala maana yake halikufutika.

Mtu wa Bondeni:
Nimempigia. Anasema kuna vidonge alipewa zamani kwa ajili ya kipandauso, kimoja kila usiku. Nimemwambia asome boksi: amitriptilini miligramu 25. Daktari wa sasa hajui, hakuulizwa na yeye hakusema.

Duka la Dawa:
Hapo sasa. Amitriptilini inazuia asetilikolini, kemikali nyingine ya ubongo, na asetilikolini ubongo unaihitaji sana kwenye kumbukumbu. Muulize kama mdomo unamkauka, choo kigumu, asubuhi anaamka mzito. Halafu fluoksetini inakizuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja amitriptilini, kwa hiyo kile kidonge kimoja damuni kinaweza kuwa kama ameongeza dozi. Mnakimbizana na serotonini, kumbe wa kuulizwa kwanza ni huyo mwingine.

Mtu wa Bondeni:
Amekubali yote matatu! Basi hiyo ya usiku aikate leo?

Duka la Dawa:
Asikate kitu kwa ushauri wa humu. Arudi kwa daktari wiki hii na maboksi yote mkononi, aambiwe ipi inapunguzwa na kwa utaratibu gani. Akisikia moyo unaenda mbio au anataka kuzimia, asisubiri miadi, aende hospitali moja kwa moja. Mama mwambie fluoksetini isitupwe. Ikiachwa kienyeji, sonona inaweza kurudi na mtihani ndio hautafanyika kabisa. Na akiumwa kichwa asinunue tramadoli mtaani. Hiyo na fluoksetini zikikutana ndipo serotonini inaweza kuzidi kweli: jasho, kutetemeka, misuli kukaza, homa, na watu wamekufa kwa hilo.

Pilipili Mwendo:
Na ndizi?

Duka la Dawa:
Ruksa.