Mrejesho: nimechukua lori, Scania R420 ya 6x4

Wakuu, niliuliza nichukue Scania 124 au R420, na kama 6x4 (ekseli tatu, mbili zinasukuma) ina faida kuliko 6x2 (ekseli tatu, moja tu inasukuma). Asanteni, sasa namba nazisoma mwenyewe. Kwenye 124, 12 ni lita za injini na 4 ni mfululizo wa modeli. Kwenye R420, R ni aina ya kebini na 420 ni nguvu za farasi. Kumbe hata 124 zipo za 420, kwa hiyo ile hadithi ya dalali ya "hii ina nguvu zaidi" ilikuwa ya kupandisha bei tu (madalali hawa!).

6x4 ni nzito na inakunywa dizeli zaidi, lakini ekseli mbili za nyuma zote zinasukuma. Mimi napakia mbao Mufindi, masika ni tope tupu. Anayekimbia lami tu, Dar hadi Tunduma, 6x2 inamtosha, tena inambakizia uzito wa mzigo kwenye mzani.

Matunzo: maji yanayojikusanya kwenye mitungi ya upepo wa breki na chujio la dizeli yanatolewa, grisi haikosekani. Retarda (kifaa cha kupunguza mwendo bila kutumia breki za magurudumu) haina, hivyo mteremko mkali wa Kitonga tunashuka kwa gia ndogo na breki ya ekzosi (inayobana moshi wa injini).