Mzigo wa Swannanoa kwa waliokumbwa na mafuriko ya kimbunga Helene, Jumamosi (Greensboro, North Carolina, Oktoba 2024)

Mama Neema: Habari za jioni wapendwa. Kanisa litakalotupokea Swannanoa limetuma orodha: maji ya kunywa, hita na mitungi yake midogo ya gesi, pampasi namba 4 na 5, maziwa ya watoto, glavu za mpira, mifuko mizito ya taka. Nguo HAPANA. Zimejaa mpaka nje, zinanyeshewa.

Bahati: Shikamoo Mama Neema. Nina mifuko sita ya nguo hapa 😔

Mama Neema: Marahaba. Ibaki, mdogo wangu. Kila mfuko unataka mtu wa kuuchambua, na huyo ndiye angebeba maji. Soksi mpya na mablanketi lete, usiku milimani baridi imeshaanza.

Baba Zawadi: Uzito jamani. Katoni ya chupa 24 za nusu lita ina kilo 12 na kitu. Kibandiko cha mlango wa ven yangu kinasema mzigo usizidi kilo 600, pamoja na watu. Sisi wawili tunakula kama 160. Basi katoni 25 za maji, nafasi inayobaki ni ya pampasi na blanketi. Msiseme "mbona bado kuna nafasi". Ukizidisha, injini inachemka kwenye kile kilima cha Old Fort.

Dada Furaha: Maji si yamerudi bombani?

Mama Neema: Kwa wengi yanatoka, ila yana tope laini la bwawa la North Fork, halitui haraka. Ni ya chooni. Ya kunywa, kupikia na kupigia mswaki ni ya chupa. Hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku, yaani katoni moja ni mtu mmoja siku tatu. Familia ya watu wanne ukiipa katoni moja, kesho wameishiwa.

Dada Furaha: Sawa. Maziwa ya mtoto basi tununue yale ya maji, yaliyo tayari kunyweka. Ya unga yatamlazimisha mama kutafuta maji safi na ya kuoshea chupa, na hana.

Bahati: Wenye visima niwapelekee jiki?

Dada Furaha: Ndiyo, isiyo na manukato. Ya asilimia 6 ni matone 8 kwa galoni ya Kimarekani (kama lita 3.8), koroga, subiri dakika 30. Maji yakiwa yametibuka yachuje kwa kitambaa safi kwanza, kisha zidisha matone mara mbili. Andika hayo kwenye chupa kwa kalamu ya wino mzito, Kiingereza na Kihispania. Kisima kilichoingiwa na mafuriko na kinanuka mafuta, jiki haisaidii kitu. Hao ni maji ya chupa tu.

Baba Zawadi: Maboksi yasizidi uzito wa katoni ya maji. Wengi wa kandokando ya vijito walikuwa na vidaraja vyao wenyewe, vikaenda na maji ya tarehe 27 Septemba. Gari linaishia ukingoni, kutoka hapo ni mgongoni. Boksi moja kitu kimoja, jina pande mbili. Ukichanganya pampasi na sabuni, watalifungua lote njiani kutafuta.

Mama Neema: Na hita: zile tu zilizoandikwa kuwa ni za ndani ya nyumba. Kila hita iende na king'amuzi cha kaboni monoksaidi, betri zikiwa ndani tayari. Hewa hiyo haina harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Wenye jenereta tuwaambie ikae mita 6 kutoka dirishani, hata kama mvua inanyesha. Kibarazani pia hapana.

Bahati: Ving'amuzi tunavyo vingapi?

Mama Neema: Vitatu. Hita ni nane.

Bahati: Basi vitano ni vyangu, nanunua kesho asubuhi.

Baba Zawadi: Mungu akubariki. Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri. Pakueni ramani kwenye simu usiku huu, mtandao kule unakatika. Mafuta tunajaza Morganton, tusiwamalizie yao.

Dada Furaha: Nanunua maziwa. Mama Neema, waulize watoto wa chini ya mwaka ni wangapi.

Mama Neema: Nawapigia sasa hivi.