Katuni ya kuchekesha ikihamia kwenye runinga, ifuate mchoro au kicheko?

Msomaji wa Kisutu

Ndugu zangu wapenzi wa katuni, naomba mnisaidie kumaliza ubishi ulioanza nyumbani kwangu Ijumaa iliyopita na ambao mpaka leo haujapata mshindi. Mpwa wangu, anayesoma mwaka wa pili chuoni, alinikuta nimetandaza mezani nakala zangu za zamani za jarida la katuni la Sani nikizifuta vumbi, akaniambia, kwa upole wa kijana asiyetaka kumuudhi mjomba wake, kwamba vitu hivi vilipaswa kuwa vimeshakuwa tamthilia za runinga miaka mingi iliyopita. Nilimjibu kwamba wahusika wake, akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, hawawezi kubanduliwa kwenye karatasi wakabaki hai.

Hakukubali, akatoa simu. Alinionyesha She-Hulk, mchezo wa Kimarekani wa mwaka 2022 wenye vipindi tisa, unaomhusu mwanasheria wa kike anayegeuka jitu la kijani. Nilitaka kucheka kwa dharau, lakini kuna jambo lilinifunga mdomo. Katika matoleo ya mwaka 1989 yaliyochorwa na John Byrne, ambayo niliwahi kuyapata kwenye vitabu vya mitumba, mhusika huyo anajua kuwa yumo ndani ya gazeti, anamgombeza mchoraji wake, na safari moja anaichana karatasi na kukatiza kwenye kurasa za matangazo ili awahi anakokwenda. Kwenye runinga hakuna karatasi ya kuchana. Waandaaji wakafanya nini? Katika kipindi cha mwisho wakamtoa mama yule nje ya hadithi yake mpaka kwenye ukurasa wa kuchagulia filamu, ule ule ambao mtazamaji anaubonyeza kwa kidole, na kutoka hapo akaenda kuwakabili waandishi wake. Mzaha ni ule ule, ila umeshonwa upya kwa kitambaa kingine.

Basi swali langu ni hili: katuni ya kuchekesha ikihamishiwa kwenye kioo, anayeihamisha ashike mchoro au ashike kicheko? Na kama jibu ni kicheko, kwa nini mimi ninayeishi katika jiji lenye wachekeshaji kila mtaa sikuweza kumtajia mpwa wangu hata mwigizaji mmoja ambaye nikimwona moyo wangu unasema, huyu ndiye Lodi Lofa?

Fundi Wino

Ndugu Msomaji, nimekuwa nikichora katuni tangu nikiwa kidato cha pili, na nitajibu sehemu ya kwanza tu ya swali lako kwa kuwa ndiyo iliyoniumiza mwenyewe.

Niliwahi kuchora kisa cha visanduku vinne. Katika kisanduku cha kwanza, konda wa daladala anamdai nauli mama mtu mzima aliyeketi karibu na mlango. Katika cha pili, mama anafungua fundo la khanga yake, na ndani ya fundo kuna fundo jingine. Cha tatu hakina neno hata moja: kiganja cha konda kimenyooka, na juu yake kuna karanga tatu. Katika cha nne, mama amegeukia dirishani na anasema, "Chenji kaa nayo, mwanangu." Kisanduku cha tatu nilikipa nusu ya ukurasa mzima, na nilikuwa nikiwatazama watu wakikisoma: macho yalifika pale, yakasimama, yakarudi nyuma kwenye fundo la khanga, ndipo yakaenda mbele. Kila mmoja alikaa pale muda alioutaka mwenyewe. Mwenye saa ni msomaji, na mchoraji anachoweza kufanya ni kumwekea kiti.

Vijana wenzangu wakapenda tukirekodi kwa simu. Tuliomba basi lililokuwa limepaki Makumbusho jioni, tukapata mama mwenye sura nzuri kabisa ya kazi ile, na konda tukamchukua kijana anayesifika kwa kuchekesha mtaani kwetu. Tulipofika kwenye karanga, alishindwa kunyamaza. Alitazama kiganja, akasema, "Mama, hii ni nini sasa? Karanga? Yaani unanipa karanga?" Tulirudia mara tano, na mara zote tano alikuwa na la kusema, kwa sababu mchekeshaji wetu akikaa kimya anaona amekula pesa ya bure. Kufikia mama anatamka lile neno lake, mtazamaji alikuwa ameshaelezwa mzaha mara tatu. Aliyehariri naye akaongeza vicheko vya kurekodiwa na ule mlio wa springi inayoruka, na kile kisanduku changu cha nusu ukurasa kikawa sekunde moja.

Kwa hiyo mimi nasema kinachopaswa kufuatwa ni kimya kilichomo kati ya kisanduku na kisanduku, na wala si mchoro wala kicheko. Wamarekani waliotengeneza Batman ya runinga iliyoanza Januari 1966 wanakumbukwa zaidi kwa kuandika milio ya ngumi kwa herufi kubwa juu ya kioo, lakini kwa macho yangu hilo lilikuwa pambo tu. Kilichochekesha ni kwamba Adam West, aliyeigiza Batman, alizungumza upuuzi mtupu kwa uso wa hakimu anayesoma hukumu, na hapakuwa na vicheko vya kurekodiwa vya kumwambia mtazamaji wakati wa kucheka. Waliendelea hivyo kwa vipindi 120.

Bint Temeke

Shikamooni wakubwa zangu. Kaka Fundi Wino, kisa chako cha karanga nimekisoma mara mbili na kimenipendeza, lakini hitimisho lako nalikataa, kwa sababu unazungumza kana kwamba kila mtu hucheka peke yake kimya kimya akiwa na gazeti mapajani.

Nimekulia nyuma ya kibanda umiza, banda la mtaani la kuonyeshea filamu. Mabenchi yalikuwa ya mbao, mlangoni palining'inizwa gunia badala ya pazia, na kiingilio tulikuwa tukikikusanya watoto wawili wawili ili mmoja aingie kisha aje kutusimulia. Filamu zilizokuwa zikijaza watu ni zile zilizotafsiriwa, za akina Lufufu na wengine waliofuata nyayo zake, ambamo sauti ya mtafsiri inafunika sauti ya waigizaji, inawabatiza majina mapya, inawagombeza, na inawapa shida za kwetu. Kuna mtafsiri mmoja wa mtaani, jina lake silijui mpaka leo, aliyepewa filamu ya shujaa anayeruka kutoka juu ya ghorofa huku koti likipepea. Muziki ulikuwa mzito na shujaa alikuwa amekunja uso. Mtafsiri akasema kwa sauti ya huruma kwamba ndugu yetu huyu anawahi nyumbani kabla mwenye nyumba hajabadilisha kufuli. Banda zima lilianguka. Hakuna hata picha moja iliyobadilishwa, na kimya anachokililia kaka Fundi Wino ndicho hasa mtafsiri alichokijaza kwa maneno, na ndicho kilichotuchekesha.

Ndiyo maana siamini kwamba kuna kitu ndani ya katuni kinachopaswa kuchungwa kama amana. The Mask ilipokuwa bado ni katuni ya karatasi, ilikuwa hadithi ya damu na visasi, na anayevaa kinyago kile alikuwa muuaji. Filamu ya mwaka 1994 ikaigeuza kichekesho na kumkabidhi mchekeshaji Jim Carrey, na leo ukimtajia mtu jina lile anakumbuka suti ya njano, hakumbuki damu. Je, hao walifuata mchoro? Hapana. Walifuata kicheko? Hapakuwa na kicheko cha kufuata, maana asili yake ilikuwa kitisho. Walimwangalia mtu atakayeketi mbele ya kioo na kujiuliza huyu anahitaji nini, basi.

Halafu kuhusu kijana wenu aliyeshindwa kunyamaza, naomba niseme kwa heshima kwamba huenda mlimpa kazi isiyo yake. Marehemu mchekeshaji wetu King Majuto, aliyetutoka Agosti 2018, alikuwa akichekesha kabla hajafungua mdomo, na hakuna aliyemfundisha kimya kwa kumwonyesha kisanduku.

Fundi Wino

Dada yangu, King Majuto ni hoja yangu, usiniibie.

Mzee wa Mwenge

Marahaba, binti. Nimefuatilia mjadala huu tangu jana na nimeona mmelikwepa swali la pili la Msomaji, ambalo kwangu ndilo zito, kwa hiyo mnivumilie nikienda taratibu.

Kwanza, si kweli kwamba mkono wa mchora katuni wa Dar es Salaam haujawahi kufika kwenye runinga. Gado, ambaye jina lake kamili ni Godfrey Mwampembwa, alizaliwa katika jiji hili mwaka 1969, akahamia Nairobi mwaka 1992, na mwaka 2009 wenzetu wa Kenya wakaanza kutazama The XYZ Show, kipindi chake cha vikaragosi wa mpira wanaowakejeli wanasiasa, ambacho wazo lake lilitokana na kipindi kama hicho cha Ufaransa. Tazameni alichokifanya. Hakumtafuta mwigizaji anayefanana na waziri. Alichukua pua aliyokuwa akiichora gazetini kila siku, akaifinyanga ikiwa vile vile imezidi kipimo, kisha akaipa mdomo unaofunguka. Uso wa binadamu una mipaka, na katuni huishi nje ya mipaka hiyo, ndiyo maana mwigizaji aliyevishwa tumbo la sifongo ili afanane na mchoro mara nyingi hutia huruma badala ya kuchekesha. Lodi Lofa wa nyama na mifupa sitaki kumwona. Lodi Lofa wa mpira, au wa kuchorwa na kutembezwa, nitalipia. Na mafundi wa kuchora na kutembeza hatuhitaji kuwaagiza ng'ambo, kwani Ubongo Kids, katuni ya runinga ya kufundisha watoto, inatengenezwa papa hapa Dar es Salaam tangu mwaka 2014, na wajukuu zangu wanaimba hesabu zake mpaka mezani.

Pili, wachekeshaji wetu hawakuwa na sababu ya kuazima wahusika wa gazetini, kwa kuwa walijichora wenyewe. Wakati Ze Comedy ilipokuwa EATV, kabla kundi lile halijahamia TBC na kuitwa Ze Orijino Komedi, mchekeshaji wao Joti alikuwa akivaa kama bibi, anabadilisha mgongo, shingo na midomo, na unapata katuni kamili bila wino. Mtu mwenye uwezo huo umwambie nini kuhusu Kipepe wa Sani?

Tatu ni jambo ambalo mashabiki huwa hatulipendi kwa kuwa halichekeshi. Niliwahi kuandika hadithi za kuchorwa kwa ajili ya jarida moja ambalo silitaji. Mimi niliandika, mwenzangu alichora, tulilipwa kwa ukurasa, na karatasi pekee tuliyotia saini ilikuwa daftari la kupokelea fedha. Mhusika wetu mmoja alipendwa, watoto wakaanza kuitana kwa jina lake. Miaka ikapita, jarida likafa, na siku moja akaja mtayarishaji mwenye kamera na nia njema akauliza swali dogo tu: huyu mhusika ni wa nani? Mimi nilimtazama mchoraji, mchoraji akamtazama mtoto wa aliyekuwa mwenye jarida, na mtoto wa mwenye jarida akaagiza chai. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo kwa ajili ya kusajili kazi kama zile. Sisi hatukwenda. Mtayarishaji alimaliza chai yake, akaaga, na baadaye nikasikia ametengeneza kichekesho cha wahusika aliowabuni mwenyewe, jambo ambalo siwezi kumlaumu nalo. Ndugu Msomaji, ukimwona mpwa wako, mwambie kwamba katika kisa chetu kilichomzuia mhusika kutoka kwenye karatasi hakikuwa ugumu wa sanaa, kilikuwa lile daftari.

Msomaji wa Kisutu

Nawashukuru sana, na hasa Mzee wa Mwenge, ambaye maelezo yake nimeyasoma kwa sauti hapa nyumbani. Mpwa wangu aliyasikiliza mpaka kwenye chai, akacheka, kisha akaniomba nimwombee ruhusa kwa Fundi Wino ya kujaribu upya kisa cha karanga, safari hii akiandika pembeni kwamba mwenye kisa ni nani.

Sikusubiri ruhusa, naomba radhi. Jana jioni walirekodi, yeye na rafiki yake mmoja ambaye si mchekeshaji kabisa, ni fundi wa friji, mtu asiyependa maneno. Kamera wameiweka juu ya kiganja tu, uso wa konda hauonekani. Karanga tatu, mlio wa injini inayonguruma, na nje mtu anaita Mbagala, Mbagala. Kimya kile kinachukua sekunde sita. Niliwaonyesha watu wa hapa nyumbani bila kuwaeleza chochote. Mama yangu, ambaye ana miaka themanini na kidogo, alicheka kwenye sekunde ya nne, kabla mama wa kwenye basi hajasema neno lake, na lile neno la chenji hakulisikia kabisa kwa sababu alikuwa bado anacheka. Sasa nimebaki njia panda: je, hilo ni kosa au ndiyo kazi yenyewe?

Bint Temeke

Mjomba, kama bibi amecheka, niwekee video hapa. Ila mtafsiri angeweka neno kwenye ile sekunde ya pili.

Fundi Wino

Ruhusa imetolewa, na fundi wa friji apewe soda. Mwambie mpwa wako aache sekunde nne, halafu akate. Na neno la chenji alisogeze mbele kidogo, liingie bibi akiwa ameshapumua.